Kamera za porini Usangu zifuate kalenda ya maji

Msimu wa uwindaji wa kitalii nchini Tanzania hufunguliwa 1 Julai. Katika vitalu vya Rungwa, Kizigo na Muhesi, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, wiki zinazofuata masika ni za kufungua barabara zilizozibwa na nyasi, kujenga kambi upya na kufunga kamera kwenye miti. Ni kamera ndogo za kutegea, zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita. Zikishafungwa, kila aliyezifunga huanza kuwashwa na swali lile lile: niende lini kuangalia zimenasa nini?

Jibu langu ni kwamba wengi wetu tunaenda mapema mno na mara nyingi mno. Kila ukaguzi ni safari ya mtu porini. Harufu ya jasho, ya petroli ya pikipiki na ya sigara hubaki kwenye majani na kwenye njia. Tandala dume aliyezoea kupita hapo alfajiri akiikuta, hahitaji kuikuta mara nyingi ili abadilishe njia. Mwenye kamera naye atafungua kadi, aone hakuna kitu, kisha aseme eneo halina wanyama. Kumbe wanyama wapo, wamehamia upande wa pili wa korongo kwa sababu yake.

Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu kamera hizi umetoka Marekani, kwa wawindaji wa kulungu, na baadhi yake haufai huku kwetu. Pembe za kulungu wa kule hudondoka kila mwaka baada ya majira ya kupandana, zikaota upya kuanzia masika yao, zikiwa zimefunikwa na ngozi laini inayokuja kubanduka karibu na vuli. Mnyama aliyepigwa picha mwezi Juni huonekana tofauti kabisa ifikapo Septemba. Mwindaji wa kule anayerudi kwenye kamera kila baada ya wiki mbili au tatu ana sababu: anafuatilia pembe zinazokua.

Tandala, palahala, korongo, pofu na nyati wetu hawadondoshi pembe. Dume ambaye pembe zake zimejisokota hadi akaonekana mzee mwezi Mei atakuwa mzee yule yule mwezi Agosti. Picha moja nzuri, iliyopigwa kwa ubavu na kwa mwanga wa kutosha, inatosha kumjua. Kinachobadilika kwetu ni mahali anapopatikana, na mahali hapo panaamuliwa na maji.

Watu wa Rujewa, bondeni Usangu, hawahitaji kuelezwa hilo. Bonde la Usangu hujaa mvua za masika, mito inayoshuka kutoka safu za Kipengere na Poroto humwaga maji tambarare, na kinamasi cha Ihefu hutanda. Mvua zikikatika, maji hurudi nyuma wiki baada ya wiki. Kinachotoka Ihefu hupita kwenye mwamba wa Ngiriama kuingia Ruaha Mkuu, na tangu miaka ya mwanzo ya 1990 mto huo umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, jambo ambalo wazee wa bonde hawakulizoea. Kilimo cha umwagiliaji cha mpunga kimetajwa, mifugo imetajwa, na mabishano hayajaisha. Kwa mnyama, matokeo ni mamoja: mwezi Mei anakunywa popote, mwezi Septemba anakunywa kwenye madimbwi machache yaliyobaki.

Kwa hiyo kamera iliyofungwa mwezi Mei kwenye njia ya porini inaeleza hali ambayo Agosti haitakuwepo. Ukiikagua kila Jumamosi, utapata taarifa nyingi juu ya mambo yanayoelekea kupitwa na wakati. Nafuu kuiacha, kisha kuihamisha kadiri maji yanavyohama.

Kalenda ninayoiona inafaa ni hii. Funga kamera mara nyasi zinapoanza kulala, katika wiki ya pili ya Mei. Rudi baada ya wiki moja tu, kwa ajili ya kamera yenyewe: tarehe na saa ziko sawa, imeelekea inakopaswa, hakuna tawi linalochezacheza mbele yake? Usipokagua mara hii ya kwanza, unaweza kungoja mwezi mzima ukavuna picha elfu kadhaa za unyasi mmoja ukipepea. Baada ya hapo iache siku 30. Ukaguzi wa mwisho ufanyike wiki ya pili au ya tatu ya Juni, kisha pori lipumzike hadi msimu ufunguliwe. Kwenye maji ni tofauti kidogo. Mbogo na swala pala wakija kwa makundi, kadi hujaa na betri huisha haraka, kwa hiyo wiki mbili zinatosha kuwa kikomo. Kwenye njia nyembamba ya nsya au pongo, hata wiki sita si nyingi.

Hizo siku 30 hazikuokotwa hewani. Katika milima ya Udzungwa, inayogawanywa na mikoa ya Iringa na Morogoro, watafiti wamekuwa wakitega kamera 60 kila kiangazi tangu mwaka 2009 chini ya mpango wa kimataifa wa kufuatilia misitu ya kitropiki. Kila kamera hukaa mwezi mmoja mahali pake bila kusumbuliwa, na mwaka unaofuata hurudishwa pale pale. Kwa utaratibu huo wanaweza kulinganisha mwaka na mwaka na kusema kwa ushahidi kama mnyama fulani anaongezeka au anapungua.

Milima hiyo hiyo ndiyo iliyotuonyesha kamera iliyoachwa kwa subira inaweza kufanya nini. Minde, swala wa msituni anayepatikana Tanzania peke yake, alipigwa picha ya kwanza akiwa porini mwaka 2003, na iliyomnasa ilikuwa kamera ya kutegea. Mwaka 2005 kamera nyingine, katika msitu wa Ndundulu, ilinasa njule mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi haikuwa na jina lake. Mwaka 2008 alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya, naye ni njule mkubwa kuliko wote wanaojulikana. Binafsi, habari ya njule yule hunisisimua kuliko picha yoyote ya simba. Mnyama aliishi miaka yote hiyo juu ya mashamba ya watu wa Kilolo, akasubiri kifaa kisichopumua wala kunuka ndipo ajulikane.

Wazo lenyewe si geni katika ardhi hii. Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka huku enzi za ukoloni akipiga wanyama picha za usiku kwa baruti ya mwanga, na kitabu chake kikatoka mwaka 1905. Kila picha ilikuwa mlipuko. Leo mwanga unaotumika usiku hauonekani kwa macho yetu, ingawa kwenye kamera za bei ndogo taa zake huwaka wekundu hafifu ambao baadhi ya wanyama huutambua na kuukwepa.

Ukifungua kamera iliyokaa mwezi mzima, anza kwa kuitazama nje. Mara nyingi kuna alama za meno ya fisi kwenye kona za plastiki, kwa kuwa fisi hutafuna chochote chenye harufu ya chumvi ya mikono. Mkanda utakuwa umelegea, tope la nyigu limeziba tundu la kuhisi. Fungua mfuniko taratibu: sisimizi huwa wamehamia ndani wakiwa na mayai yao, meupe, yamerundikwa juu ya betri, nao wakishtuka hukimbilia kwenye nafasi ya kadi. Wapulize, usiwamwagie dawa, maana harufu ya dawa itakaa pale kuliko harufu yako. Futa kioo kwa kitambaa kikavu. Toa kadi, weka nyingine tupu, badilisha betri zote kwa pamoja, funga, ondoka. Kadi ukaitazamie nyumbani. Anayekaa chini ya mti dakika 20 akipitisha picha kwenye simu anaharibu kile alichokifuata.

Saa ya kwenda nayo ina uzito. Nenda jua likiwa kali, saa tano hadi saa tisa mchana, wanyama wengi wakiwa wamelala kivulini, na uingie ukiwa umeelekea upepo. Kamera itazame kaskazini au kusini, kwa sababu ikielekea mashariki au magharibi jua la asubuhi au la jioni litaijaza picha nyeupe. Ifunge usawa wa goti ikiwa unamtaka nsya, usawa wa kiuno ikiwa unamtaka tandala.

Kuna jambo moja la joto ambalo wengi hawalijui, na tambarare ya Usangu inalidai lijulikane. Kamera hizi hazimwoni mnyama. Zinahisi tofauti kati ya joto la mwili wake na joto la vitu vilivyo nyuma yake, tofauti hiyo inaposogea. Mwezi Oktoba, saa nane mchana, udongo mtupu wa mbuga unapokaribia au kupita joto la mwili wa mnyama, tofauti hupotea na kamera inaweza kumwacha ngiri akapita mbele yake bila kupiga. Kwa hiyo picha chache za mchana wakati wa kiangazi zisikufanye useme wanyama wanatembea usiku tu. Funga kamera penye kivuli, isikaribie mno wala isikae mbali mno na njia, ndipo ulinganishe.

Ukaguzi wa kila siku una mahali pake pamoja: kwenye chambo cha simba, msimu ukiwa umeshafunguliwa. Kanuni za uwindaji wa kitalii za mwaka 2010 ziliweka sharti kwamba simba dume anayewindwa awe na umri wa miaka 6 au zaidi. Kamera iliyo karibu na chambo humwezesha mwindaji bingwa kutazama pua, ambayo kwa simba kijana huwa ya waridi na hujaa madoa meusi kadiri anavyozeeka, pamoja na manyoya ya shingo na makovu ya usoni. Uamuzi wa kutopiga risasi unafanyika hapo, na picha ya jana usiku ina thamani kuliko kumbukumbu ya mtu aliyekaa kwenye maficho gizani.

Ila Usangu si pori la wawindaji. Pori la Akiba Usangu, lililotangazwa mwaka 1998, liliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kwa Tangazo la Serikali Na. 28 la mwaka 2008, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa aina yoyote. Mpaka wa hifadhi umewaumiza watu wa wilaya ya Mbarali kwa muda mrefu. Umejadiliwa bungeni na mikutanoni, na mwaka 2023 ukatangazwa upya. Katika hali hiyo, kisanduku chenye jicho kilichofungwa mtini kando ya kijiji hakipokelewi kama kifaa cha utafiti. Mfugaji atakiona kama mpelelezi, na mama anayerudi na mzigo wa kuni hana namna ya kujua picha yake itaishia wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa haki juu ya picha hiyo, lakini haki isiyoelezwa kijijini haimsaidii.

Hapa ndipo ninapotofautiana na watafiti wanaopenda kamera isiguswe kabisa. Wanyama wanataka tusionekane. Majirani wanataka watuone. Kamera ya ardhi ya kijiji ikiachwa miezi mitatu bila mtu anayefahamika kuikaribia, itavunjwa au kuibwa, na aliyeivunja atakuwa na maelezo ya kueleweka. Ule ukaguzi wa siku 30 ufanywe na vijana wa kijiji wenyewe, mchana, kwa njia ile ile, wakijulikana ni nani na wametoka kwa nani. Picha za watu zifutwe mbele ya mashahidi.

Hilo limeshajaribiwa upande wa pili wa hifadhi. Katika tarafa za Idodi na Pawaga, mkoani Iringa, mradi wa wanyama walao nyama ulioanzishwa Ruaha mwaka 2009, ambao sasa uko chini ya shirika la Lion Landscapes, uliwapa wanavijiji kamera wazitege kwenye ardhi yao. Kila mnyama wa porini anayenaswa ana alama zake. Swala ana chache, simba na mbwa mwitu wana nyingi zaidi. Kila baada ya miezi mitatu alama hujumlishwa, vijiji hushindanishwa, na vyote hupata msaada wa afya, elimu au tiba ya mifugo, kilichoongoza kikipata zaidi. Mitego ya waya ikiongezeka, picha hupungua, na zahanati hupata pungufu. Chui aliyekuwa hasara tupu kwa mwenye mbuzi akawa na faida ambayo mwenye mbuzi huyo anaweza kuionyesha kwa jirani.

Vijiji vya Usangu vinastahili mpango wa namna hiyo, nami ningependa uanze kabla ya kiangazi kingine. Kamera nne kwa kijiji zinatosha kuanzia: mbili kwenye njia za kuelekea Ihefu, mbili kwenye maji yanayochelewa kukauka. Zifungwe Mei, zikaguliwe baada ya wiki moja, kisha kila mwezi, na kuanzia Agosti zile za majini kila wiki mbili. Kabla nyasi hazijaanza kuchomwa, zile za njiani zifyekewe kinga ya moto ya hatua kumi kuzunguka mti. Vijana wawili wachaguliwe na mkutano mkuu wa kijiji, wapewe barua ya mtendaji na posho ya kueleweka. Kadi moja ibaki ofisi ya kijiji, nakala iende halmashauri pale Rujewa, na mwisho wa kila robo mwaka picha zionyeshwe shuleni, kila mtu aje aone ni nani anayepita nyuma ya shamba lake usiku.