Kibuyu Bila Chachu: Ukusanyaji wa Vyombo vya Muratina katika Mutuini na Viunga vya Nairobi

Utangulizi

Neno chombo limebeba mengi katika Kiswahili. Chungu kilichoko jikoni ni chombo, jahazi likatalo mawimbi ni chombo, na hata asasi inayotetea haki za wafanyakazi huitwa chombo. Katika maana zote hizo, chombo huthaminiwa kwa kile kinachobebwa ndani yake. Makala haya yanazungumzia vyombo vya pombe ya muratina katika Mutuini, wadi iliyo katika eneo bunge la Dagoretti Kusini, magharibi mwa Nairobi. Yanakusudia kueleza jinsi pombe hiyo inavyotengenezwa, jinsi vyombo vyake vinavyohifadhiwa na kubadilishwa mikono, na kinachopotea pale chombo kinaponunuliwa bila maarifa na msamiati wake. Suala hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja, kwani sehemu kubwa ya kinachopotea ni maneno.

Ukusanyaji wa vyombo vya pombe duniani

Kukusanya pombe adimu na vyombo vyake ni uraibu unaojulikana sana ughaibuni. Nchini Ubelgiji, takriban kila bia ina bilauri yake yenye umbo na nembo mahususi, na wapo watu wanaojaza makabati kwa bilauri hizo. Watawa wa abasia ya Sint-Sixtus, huko Westvleteren, hutengeneza bia kwa kiasi kidogo tu na huwakataza wanunuzi kuiuza tena. Hata hivyo, bia hiyo hupita mkono hadi mkono kwa bei iliyo mbali na ile ya watawa. Mwaka 2016, UNESCO iliutambua utamaduni wa bia wa Ubelgiji kuwa sehemu ya urithi wa binadamu usioshikika.

Nairobi nayo imeonja mkondo huo. Katika karne hii, viwanda vidogo vya bia vilianza kuchipuka mjini, mojawapo kikiwa kile cha Brew Bistro kando ya Barabara ya Ngong. Kabla ya hapo, jina lililotawala lilikuwa la kampuni iliyoasisiwa na ndugu wa ukoo wa Hurst mwaka 1922 huko Ruaraka. Mmoja wao, George Hurst, aliuawa na ndovu, na bia ya Tusker ikapewa jina kwa kumbukumbu ya kisa hicho.

Hata hivyo, mtu akitoka Barabara ya Ngong na kuelekea soko la Dagoretti hadi Mutuini, atakuta jadi ya pombe iliyotangulia viwanda hivyo vyote. Mutuini iliingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi mji ulipopanuliwa mwaka 1963, lakini ilikuja na mashamba yake, koo zake na sherehe zake. Ni sehemu ya nchi ya Wagikuyu wa kusini, ambao Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete mwaka 1903, aliandika habari zao kwa mapana katika kazi iliyochapishwa kwa majuzuu matatu mwaka 1977, miaka mitano baada ya kifo chake.

Muratina na siri ya tunda

Muratina ni jina la mti kabla ya kuwa jina la pombe. Kwa Kiswahili mti huo huitwa mvungunya au mwegea. Matunda yake ni marefu, mazito, yananing'inia kama soseji, na yakiwa mabichi yana sumu. Mtu hawezi kuyala. Kazi yake katika pombe ni nyingine kabisa.

Tunda hupasuliwa, likaanikwa juani, kisha likachemshwa na maji yake kumwagwa. Baada ya kukaushwa tena, hutiwa katika kiasi kidogo cha maji ya asali au ya miwa na kuwekwa mahali penye joto kwa muda wa siku moja. Hapo ndipo chachu huingia katika nyuzinyuzi za tunda na kufanya makao. Tunda likitolewa na kukaushwa, chachu hulala humo. Siku ya kutengeneza pombe, vipande hivyo hutumbukizwa katika maji ya asali au ya miwa ndani ya kibuyu kikubwa, kikawekwa karibu na moto, na chachu ikaamka. Kwa siku moja hadi nne hivi pombe huwa tayari. Kisha vipande hutolewa, hukaushwa na kuhifadhiwa hadi sherehe nyingine.

Kwa maelezo haya, tunda la muratina ni chombo ndani ya chombo. Kibuyu hubeba pombe, na tunda hubeba uhai unaoifanya iwe pombe. Mfano wa karibu ni ule wa bia ya lambic ya viunga vya Brussels, ambayo haitiwi chachu kwa mkono: maji ya nafaka huachwa wazi yapigwe na hewa ya bonde la mto Senne, kisha hutiwa katika mapipa ya mbao yaliyojaa vijidudu vya miaka mingi. Mtengenezaji wa lambic hawezi kuyatupa mapipa yake ya kale kwa urahisi. Vivyo hivyo, ajuaye muratina hatupi vipande vilivyokwisha kuthibitika.

Tofauti ipo pia, nayo ni ya msingi. Lambic iliyotiwa katika chupa yaweza kukaa miaka mingi, na ndiyo maana wakusanyaji huihodhi. Muratina haihodhiki. Ikikaa siku chache huchacha na kuwa kali mno. Kwa hiyo, atakaye kukusanya urithi wa muratina hana chupa ya kuweka rafuni. Anabakiwa na vitu vitatu tu: chombo, tunda na maneno.

Vyombo na majina yake

Katika Kigikuyu, pombe kwa jumla huitwa njohi. Kibuyu huitwa kĩnya, na kile kikubwa cha kuchachushia huitwa ndua. Pembe ya ng'ombe ya kunywea huitwa rũhĩa. Kila chombo kina mahali pake katika mazungumzo ya watu. Pembe haikuwa bilauri ya kila mtu: wazee walinywea kwa utaratibu wa umri na heshima, na kabla ya kunywa tone humwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Katika shughuli za ruracio, yaani mahari, na za ngurario, pombe huwa kiapo. Binti huulizwa hadharani kama pombe ya wageni inyweke. Anapoionja na kumpa babake, amekubali kuolewa. Jomo Kenyatta alizieleza taratibu za posa na pombe yake katika kitabu alichokichapisha mwaka 1938, Facing Mount Kenya. Ni dhahiri kwamba chombo katika hadhara hiyo hufanya kazi ya ulimi.

Kiswahili nacho si maskini katika uwanja huu. Kina dundu, buyu kubwa la kuhifadhia vitu; kitoma, kibuyu kidogo cha mviringo; kata ya kuchotea; na kifuu cha nazi. Kina wanzuki, pombe ya asali, na dengelua, pombe ya miwa. Kina mgema na methali yake mashuhuri isemayo kuwa akisifiwa tembo hulitia maji. Aidha, wasomi hawachoki kutumia neno chachu kisitiari: chachu ya maendeleo, chachu ya mabadiliko, chachu ya fasihi. Sitiari hiyo inaeleweka vyema zaidi kwa aliyewahi kuona kipande kikavu cha tunda kikiamsha kibuyu kizima.

Sheria na kuvunjika kwa chombo

Sababu za vyombo hivi kuadimika haziko mbali. Wakati wa ukoloni, serikali iliwazuia Waafrika kunywa bia ya chupa hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, na wakati huohuo ikaweka vikwazo juu ya pombe walizojitengenezea wenyewe. Sheria ya machifu iliwapa machifu mamlaka ya kudhibiti upikaji wa pombe za Kiafrika. Uhuru haukuondoa shaka hiyo. Sheria ya mwaka 1980 ilipiga marufuku chang'aa, nayo ikafutwa na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, iliyoruhusu chang'aa kwa masharti na kukataza kileo kuuzwa katika vifuko. Katiba ya mwaka huohuo iliwapa magatuzi jukumu la kutoa leseni za vileo.

Serikali haikuwa na hofu ya bure. Mwaka 2000, pombe iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100 katika vitongoji vya mabanda vya Nairobi, na Mei 2014 msiba wa namna hiyo uliua makumi ya watu katika sehemu kadhaa za nchi. Mwezi Julai 2015, Rais Uhuru Kenyatta alitoa amri ya kuangamiza vileo hatari katika eneo la kati, na misako ikafuata. Familia zilizopoteza baba na wana hazihitaji kuelezwa ubaya wa pombe.

Tatizo liko katika uainishaji. Neno pombe haramu limekuwa kapu moja linalotiwa chang'aa, vileo vilivyochanganywa na kemikali na muratina ya mzee anayeozesha binti. Pombe inapolazimika kujificha, huhama kutoka kibuyu hadi mtungi wa plastiki, asali huondoka na sukari kuchukua nafasi yake, na tunda huachwa kwa hamira ya dukani. Hapo mnywaji hana tena njia ya kujua alicholetewa. Zamani chombo kilikuwa shahidi: kibuyu kilijulikana ni cha nani, kilitiwa nini na kilifunguliwa kwa ajili ya nani. Mtungi wa plastiki hauna ukoo. Kwa hiyo, kupotea kwa chombo kumekwenda sambamba na kupotea kwa ulinzi ambao jamii ilikuwa nao dhidi ya sumu na dhidi ya ulevi wa kila siku.

Mkusanyaji wa namna gani?

Vibuyu vilivyotoka katika kazi havikutoweka vyote. Vingine vimeingia katika masoko ya vinyago ya Nairobi, vikanakshiwa, vikakatwa, vikawa taa na mapambo ya sebule. Anayenunua kwa kawaida huambiwa umri na bei. Ni nadra aambiwe jina.

Kenya imewahi kupata wakusanyaji wa hadhi. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili, alitumia maisha yake kukusanya sanaa na vitabu vya Afrika, na mwaka 1972 alishirikiana na Alan Donovan kuanzisha jumba la African Heritage jijini Nairobi. Sehemu ya hazina yake imehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Barabara ya Moi. Murumbi aliamini kuwa vitu hivyo vikiondoka nchini, wananchi wataisoma historia yao katika majumba ya wengine.

Mfano unaofaa zaidi kwa vibuyu, hata hivyo, unapatikana Kitui. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikundi cha wanawake cha Kyanika, kikishirikiana na watafiti wa Makumbusho ya Taifa na wa shirika la kimataifa la rasilimali za mimea, kilikusanya vibuyu vya maumbo mbalimbali pamoja na mbegu zake na masimulizi yake. Wanawake hao walibadilishana mbegu, wakazipanda, na wakahifadhi majina na matumizi ya kila aina. Chombo hakikung'olewa katika shamba wala katika ulimi.

Mutuini inastahili mkusanyaji wa namna hiyo, na mwanafunzi wa Kiswahili anayo nafasi ya kuwa mmoja wao. Akipata kibuyu au pembe, yampasa kuandika mambo haya: jina la chombo katika lugha ya mwenyewe na kisawe chake cha Kiswahili, kikiwapo, mmea au mnyama kilikotoka, mtu aliyekuwa na haki ya kukigusa, sherehe kilichotumika, kitenzi kinachoandamana nacho, kama ni kumimina, kuchota au kupokezana, na methali au misemo inayokitaja. Kama kuna tunda, aulize lilirithiwa kwa nani na liliazimwa nani. Kazi hii haimlazimu kunywa tone. Mwanafunzi aliyekatazwa kileo na dini yake anaweza kuifanya sawasawa na mwingine yeyote, kwa kuwa anachokikusanya ni maarifa.

Faida yake kwa Kiswahili ni kubwa. Kamusi zetu zimejaa istilahi za bahari, na ni haki yake, lakini msamiati wa bara unaohusu vyombo vya nyumbani bado haujachotwa vya kutosha. Neno kama ndua, likifafanuliwa vyema pamoja na utaratibu wake, laweza kukaa kando ya dundu bila kugombana.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba muratina ni pombe isiyohodhika, na kwamba urithi wake hukaa katika kibuyu, katika tunda lenye chachu na katika maneno yanayoviunganisha viwili hivyo. Sheria ina wajibu wa kulinda maisha ya watu, lakini hailazimiki kufuta tofauti ya majina ambayo ndiyo iliyoyalinda maisha hayo hapo awali. Soko nalo lina haki ya kuuza kibuyu, ila haliwezi kuuza lisichokijua. Wanaokijua wapo bado katika Mutuini, Waithaka, Riruta na vijiji vya Kikuyu ng'ambo ya mpaka wa jiji, na wengi wao ni wazee. Atakayekwenda kuwasikiliza atangulize heshima na daftari, kwani tunda kavu laweza kungoja hadi sherehe nyingine, ilhali mzee huenda asingoje.