Viboko shuleni: kanuni inasemaje?

Wajumbe wa kamati za sharika wamekuwa wakituuliza kama mwalimu anaruhusiwa kumchapa mwanafunzi. Jibu fupi: si kila mwalimu, wala si kwa kila kosa.

Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002, zilizotolewa chini ya Sheria ya Elimu, zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Ni kwa kosa kubwa la nidhamu tu, na viboko visizidi vinne. Umri, jinsia na afya ya mtoto vizingatiwe. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, au na mkuu wa shule iwapo mwalimu wa kike hayupo. Kila adhabu iandikwe kitabuni pamoja na kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa.

Kitabu hicho ndicho tunachowaomba mkiulizie mnapohudhuria vikao vya shule. Mwaka 2016 video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi mkoani Mbeya ilishtua nchi nzima. Mwaka 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi mkoani Kagera alifariki baada ya kupigwa shuleni.

Walimu nao tunawaelewa. Tangu ada ya sekondari ilipofutwa mwaka 2016 watoto wameongezeka kuliko vyumba na walimu, na darasa likifurika fimbo huonekana njia ya mkato. Ndugu wafadhili, madawati na vyumba mnavyochangia vinahusika hapa moja kwa moja. Na mzazi anayemwambia mwalimu "mchape tu" ajue kwamba kibali hicho si chake kukitoa.