Madoa ya Mguuni, Maradhi ya Moyoni

Asubuhi ya Julai mjini Nyeri, baridi ya Mlima Kenya humfanya mtu avae soksi mbili, na miguu yaweza kupita wiki nzima bila kutazamwa. Hebu msomaji, leo jioni vua soksi utazame. Ukiona vidoa vyekundu au vya zambarau visivyofifia unapovibonyeza kwa kidole, usikimbilie dawa ya kupaka.

Aghalabu vidoa hivyo huletwa na mzio wa dawa au ugonjwa mdogo unaopita. Mara chache, lakini, chanzo huwa mbali na ngozi: kwenye vali za moyo.

Bakteria hupenya katika damu, tuseme kupitia ufizi mgonjwa, wakajishikiza kwenye vali, hasa iliyokwisha kuharibika. Maradhi hayo huitwa endokaditisi. Kingamwili hushikana na chembe za adui huyo, na mashada hayo hukwama kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, hasa miguuni. Mishipa huvimba na kuvuja. Figo nazo zaweza kudhurika vivyo hivyo.

Kutoka Karatina hadi Nanyuki, homa isiyokwisha husemwa ni malaria, taifodi au baridi tu. Mgonjwa hununua vidonge vichache dukani, akapata nafuu, kisha homa ikarudi. Vidonge hivyo huweza kuwaficha bakteria damu inapopimwa. Isitoshe, uvimbe wa mishipa hutulizwa kwa steroidi, dawa zinazopunguza nguvu za kinga. Zikitolewa peke yake kabla ya moyo kuchunguzwa, adui huachiwa mlango wazi.

Basi madoa yakiandamana na homa ya siku nyingi, jasho la usiku, kukonda au kuhema, nenda hospitali. Mweleze daktari iwapo uliwahi kuambiwa una tatizo la moyo, na umtajie kila dawa uliyomeza. Damu yako itaoteshwa maabara, na moyo kupigwa picha kwa mawimbi ya sauti. Tiba ni antibayotiki za kupitia mshipa, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Wengine huhitaji upasuaji wa vali.

Nanyi wazazi, vali za vijana wetu wengi huharibiwa na homa ya baridi yabisi, itokanayo na maambukizi ya koo utotoni. Mtoto akilia koo na homa, mpelekeni atibiwe, amalize dawa zote. Mswaki nao usisahauliwe.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu haya huanzia mguuni.