Mtoto akikatiwa msaada wa chuo Marekani, rufaa inaanzia nyumbani

Barua pepe yenyewe huwa fupi. Inamwambia mwanafunzi kwamba maendeleo yake hayajafikia kiwango kinachotakiwa, hivyo msaada wa fedha za masomo umesimamishwa. Kwa familia iliyohamia Marekani kutoka Kongo, Burundi au Tanzania, ikaishi kwa mshahara wa kiwandani au wa kutunza wazee, hiyo ni sawa na kufungiwa mlango wa chuo. Mara nyingi mtoto huificha. Mzazi anakuja kujua wakati bili ya muhula mpya iko mezani.

Mzazi, kabla hujafoka, fahamu kuwa jambo hili lina njia ya rufaa katika vyuo vingi, na kwamba wewe una nafasi kubwa ndani yake kuliko unavyodhani.

Kwa nini umesimamishwa

Ruzuku ya Pell na mikopo ya serikali ya shirikisho huombwa kwa fomu ya FAFSA. Wakimbizi na wenye kadi ya kijani nao wanaweza kuipata, ndiyo maana suala hili linazigusa familia zetu. Lakini kuna masharti matatu ya kuendelea kuipata.

La kwanza ni wastani wa alama. Kwa shahada ya miaka minne, mwanafunzi anapomaliza mwaka wa pili anatakiwa awe na angalau wastani wa C, ambao kwa kawaida ni GPA ya 2.0. Vyuo vingi hudai kiwango hicho mapema zaidi.

La pili ni kasi. Vyuo vingi hutaka mwanafunzi awe amefaulu takriban asilimia 67 ya krediti alizojiandikisha. Aliyejiandikisha krediti 24 akafaulu 12 yuko kwenye asilimia 50, hata kama hizo 12 zote alipata A. Somo aliloliacha katikati ya muhula likaandikwa W nalo huhesabiwa dhidi yake.

La tatu ni muda. Shahada ya krediti 120 haitakiwi kumfikisha mtoto zaidi ya krediti 180.

Maswali mawili tu

Wengi huandika rufaa kama barua ya kuomba msamaha: "Naahidi nitajitahidi, naomba mnihurumie." Barua ya namna hiyo haina uzito. Kanuni zinataja kifo cha ndugu, ugonjwa au jeraha la mwanafunzi mwenyewe, na mazingira mengine maalumu. Kisha zinamtaka ajibu maswali mawili: nini kilimfanya ashindwe, na nini kimebadilika ili asishindwe tena.

Swali la pili ndilo watoto wetu hulijibu kwa mstari mmoja. Na mara nyingi jibu lake haliko mikononi mwao. Liko nyumbani.

Chukua mfano wa binti wa kwanza katika nyumba. Asubuhi yuko darasani. Mchana anampeleka mama hospitali na kumtafsiria. Usiku ana zamu ghalani, na sehemu ya mshahara inakwenda kwa shangazi aliyebaki kambi ya Nyarugusu au Kakuma. Baba akilazwa, masomo yanaanguka. Binti huyu hawezi kuandika kwamba hali imebadilika kama kesho ataamkia mzigo uleule.

Kwa hiyo kaeni kikao cha familia kabla barua haijaandikwa. Nani mwingine atampeleka mama kliniki? Hospitali iombwe mkalimani. Zamu zinaweza kupungua kutoka saa 35 hadi 15 kwa wiki? Fedha za shangazi zitachangwa na nani? Mkishakubaliana, binti ataandika jambo la kweli: "Kaka yangu sasa ndiye anayempeleka mama hospitali. Nimepunguza saa za kazi hadi 15. Nimejiandikisha masomo matatu badala ya matano, na kila Jumanne nakwenda kusaidiwa hisabati."

Ushahidi

Kila neno liwe na karatasi: cheti cha kifo, barua ya daktari, barua ya mwajiri kuhusu saa za kazi. Msiba ukitokea kijijini ambako cheti hakipatikani, mtoto aulize ofisi ya msaada wa fedha kama itapokea barua ya padri, mchungaji au imamu. Nyaraka za Kiswahili au Kifaransa zitafsiriwe, na mtafsiri asiwe mwanafunzi mwenyewe.

Barua aiandike mtoto. Sheria ya faragha ya mwaka 1974 inampa mwanafunzi wa chuo haki juu ya kumbukumbu zake, kwa hiyo usishangae ofisi ikikataa kuzungumza nawe bila idhini yake. Aangalie pia tarehe ya mwisho. Na kama chuo kimemsimamisha masomo yenyewe, hilo ni shauri jingine, lenye rufaa yake.

Baada ya jibu

Rufaa ikikubaliwa, msaada hurudi kwa kipindi cha uangalizi, kwa kawaida muhula mmoja, au kwa mpango wa masomo aliopangiwa. Akivunja masharti hayo, msaada husimama tena.

Ikikataliwa, msikimbilie wizara ya elimu huko Washington. Uamuzi ni wa chuo. Anachoweza kufanya ni kusoma somo moja au mawili kwa fedha za mfukoni hadi afikie kiwango, kisha aombe tena kupimwa. Kukaa nyumbani muhula mzima peke yake hakubadilishi hesabu, kwa sababu alama na krediti zinabaki zilezile.

Leo jioni, kabla hujamuuliza mwanao kwa nini amefeli, muulize anabeba nini ambacho mwingine katika nyumba anaweza kukibeba. Akikujibu, msikilize mpaka amalize, kisha mwite na kaka yake mezani.