Oman: Nchi Iliyoficha Maji Yake

Barabara kuu itokayo Maskati kwenda Sur imebanwa kati ya milima ya Hajar na bahari, na mtu wa Mau Narok, aliyezoea ukungu wa asubuhi na mashamba ya viazi, hupita mwendo mrefu bila kuona jani. Kulia mwamba mtupu, kushoto maji ya chumvi, katikati changarawe. Maskati hupata mvua kama milimita 100 kwa mwaka mzima.

Kisha, kati ya Dibab na Bimmah, ardhi inafunguka ghafla. Shimo lenye upana wa mita 50 kwa 70 hivi, na kina cha mita 20 hadi chini, limejaa maji ya rangi ya feruzi. Unashuka kwa ngazi za saruji, joto linabaki juu, na ukitumbukiza miguu samaki wadogo wanaanza kuidonoa. Sijaona mahali pengine Oman panaponituliza kama hapa.

Wenyeji wanaliita Hawiyat Najm, shimo la nyota. *Najm* ndiyo iliyotupa neno letu mnajimu. Wazee walisema nyota ilianguka ikatoboa ardhi. Kumbe ni kazi ya maji. Mwamba wa huko ni wa chokaa, na maji yaliuyeyusha polepole kutoka chini hadi pakawa na pango, kisha dari likaporomoka. Bahari haifiki kilomita moja kutoka hapo, ndiyo maana maji matamu ya ardhini na ya chumvi yanachanganyika humo.

Kwetu Kenya, ardhi ikifunguka ni msiba. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa ulikata barabara ya Maai Mahiu kwenda Narok, kwa sababu majivu ya volkano yaliyo chini yetu husombwa kirahisi. Oman, ardhi ikifunguka, watu huchungulia kama kuna maji.

Maana nchi hii imeishi kwa maji ya chini. Mababu walichimba mifereji iitwayo *falaj*, inayoyaleta kwa mteremko tu, bila pampu, hadi kwenye mitende. Mitano kati yake iliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kila mkulima ana zamu yake: mchana ilipimwa kwa kivuli cha jua, usiku kwa nyota.

Sur, mji wa mafundi wa majahazi yaliyokuwa yakifika Lamu na Mombasa, nilimwamkia mzee mmoja kwa Kiarabu changu kibovu. Akanijibu kwa Kiswahili safi cha Unguja. "Shikamoo, mzee wangu," nikasema, kwa furaha. "Marahaba, mwanangu. Huko kwenu mvua inanyesha siku ngapi kwa mwaka?"

Nikamwambia masika yakiingia hatuhesabu. Akanyamaza, kisha akaniomba nimweleze tena.