Si kila anayekukimbia ni msaliti: Tabora na maana tatu za neno 'betray'

Siku hizi ukichelewa kujibu meseji, unaitwa msaliti. Ukihama timu, msaliti. Ukibadili chama, ndiyo usiseme.

Kiingereza nacho kina 'betray'. Ukikutana nalo kwenye filamu au habari, usikimbilie kutafsiri "saliti" kila mahali. Lina angalau maana tatu, na historia ya Tabora na njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji inasaidia kuzitofautisha.

1. Kuungana na adui

Mtemi Mnywa Sele alirithi utawala wa Unyanyembe, eneo la Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1850. Aliwatoza kodi wafanyabiashara Waarabu, wakagombana. Kufikia mwaka 1860 hivi aliondolewa, akawekwa Mkasiwa, mtu wa ukoo wake mwenyewe.

Ungekuwa upande wa Mnywa Sele, ungeuita uhaini. Ungekuwa upande wa Mkasiwa, ungesema mtemi halali kapata kiti chake. Kwa hiyo maana hii inategemea umesimama wapi. Leo neno uhaini ni zito zaidi: kwa sheria za Tanzania, adhabu yake ni kifo. Usimrushie tu mpenzi wako wa zamani.

2. Kuvunja uaminifu

Hapa Kiswahili kina neno zuri: hiana, kinyume cha kutunza amana.

Mwaka 1866 Musa na wenzake kutoka Komoro, walioajiriwa na David Livingstone, walimwacha bara, wakarudi Zanzibar na kusema ameuawa. Alikuwa hai. Kuondoka ni jambo moja. Kumzulia mwajiri wako kifo ndiyo hiana.

Linganisha na Susi na Chuma. Livingstone alipofariki kweli mwaka 1873, wao na wenzao waliubeba mwili wake hadi Unyanyembe. Mwingereza Cameron, waliyemkuta huko, aliwashauri wauzike hapohapo. Wakakataa, wakaendelea na safari hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

3. Kufichua bila kukusudia

Kiingereza husema sauti ya mtu 'ime-betray' hofu yake. Hapo hakuna aliyemkosea mwenzake. Kiswahili tunasema sauti imemuumbua. Hata msafara uliojificha porini ungeweza kuumbuliwa na moshi wa jiko lake.

Na aliyetoroka je?

Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa malalamiko kuhusu wapagazi waliotoroka, wengi wao Wanyamwezi. Ukisoma haraka unawaona wote wasaliti. Lakini mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi kwa miezi kadhaa. Posho ikikatwa, ugonjwa ukiingia au vita ikizuka njiani, kama ile ya Mirambo na Waarabu wa Tabora mwaka 1871, wengine waliondoka kuokoa maisha.

Huko ni kutoroka, na Kiingereza kina neno lake jingine, 'desert'. Kabla ya kumwita msaliti, uliza kwanza: posho yake alipewa?

Swali hilo lina kazi hata leo. Dada wa kazi akiondoka usiku bila kuaga, mtaa mzima unaambiwa kasaliti. Mshahara wake wa miezi mitatu hautajwi.