Loretta Lynn: Mipasho Kutoka Vilima vya Kentucky

Anayedhani muziki wa kantri ni kofia pana na farasi tu hajamsikiliza Loretta Lynn. Huyu mama alikuwa akiwapasha watu, tena bila kuzunguka. Katika "Fist City" ya mwaka 1968 anamwonya mwanamke anayemnyemelea mumewe kwamba asipokoma atakula ngumi. Shabiki wa taarab angejiona yuko nyumbani kabisa.

Mume mwenyewe, Oliver Lynn, aliyejulikana zaidi kama Doolittle, alikuwa mlevi na mpenda wanawake. Ila ndiye aliyemnunulia mkewe gitaa, akamsukuma akaimbe. Loretta alikuwa ameolewa akiwa na miaka 15. Muda si mrefu wakahamia jimbo la Washington, mbali na Butcher Hollow, Kentucky, alikozaliwa mwaka 1932, na hukohuko watoto wakafuatana. Mwaka 1960 alitoa wimbo wake wa kwanza, kisha yeye na Doolittle wakatia sahani za santuri kwenye gari na kupita redio moja baada ya nyingine wakiwaomba watangazaji waupige. Ulipanda hadi nafasi ya 14 kwenye chati ya kantri ya Billboard. Ugomvi wa nyumbani ukawa ndio mtaji: kilichomkera jikoni alikipeleka studio. Ndoa yenyewe ilidumu hadi Doolittle alipofariki mwaka 1996.

Wimbo uliomtambulisha duniani, "Coal Miner's Daughter" wa mwaka 1970, hauna ugomvi. Ni maisha ya binti wa mchimba makaa ya mawe: vidole vya mama vinavyotoka damu kwa kufua, na viatu vya baridi vilivyonunuliwa kwa pesa ya nguruwe aliyeuzwa. Umaskini umesimuliwa bila kuombewa huruma, na hapo ndipo ufundi wake ulipo.

Mwaka 1972 akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya mtumbuizaji bora wa mwaka ya chama cha muziki wa kantri, CMA. Miaka mitatu baadaye akatoa "The Pill", kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango. Redio nyingi ziliugomea. Hata hivyo ukaingia tano bora.

Alifariki Oktoba 2022 akiwa na miaka 90. Anayetaka kumjua aanze na "Fist City", kisha atafute *Van Lear Rose*, albamu aliyoitengeneza na mwanamuziki wa roki Jack White mwaka 2004. Alikuwa na miaka 72, na sauti bado ilikuwa inakata.